Muhogo uliotoka Amani

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki mbili, kazi za chumba cha habari zimenibana kweli kweli. Leo nimerudi na hadithi ya muhogo. Ndiyo, muhogo huo huo unaouzwa Coco Beach jioni, wa kukaanga, wenye pilipili na kachumbari. Usiondoke kwanza. Humu ndani kuna Wajerumani, Waingereza, Mkorea mmoja, Waganda, na wakulima wa kusini mwa nchi yetu. Na kwa maoni yangu hadithi hii inaeleza namna taifa linavyopata chakula kuliko hotuba zote za Nane Nane ukizijumlisha.

Najua muhogo hauna hadhi mjini. Mtu akitaka ujue kwamba amekulia kwenye dhiki atakwambia kwao walikuwa wanakunywa chai kwa muhogo. Wali ni wa sherehe, ugali wa sembe ni wa kila siku, muhogo ni wa shida. Lakini hebu toka mjini kidogo. Kusini utakuta makopa, Kanda ya Ziwa utakuta udaga, Tanga utakuta bada, na karibu kila mahali utakuta kisamvu. Zaidi ya nusu ya muhogo wote unaolimwa duniani unatoka Afrika. Unaota kwenye udongo uliochoka. Mvua ikikatika unapukutisha majani na kusubiri. Unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukimngoja mwenye shamba, kwa hiyo ghala lake ni ardhi yenyewe. Kwa mama asiye na fedha ya mbolea wala ya dawa, hilo ni jambo kubwa.

Muhogo wenyewe ni mgeni hapa. Wareno waliuleta Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16, kwanza upande wa Kongo, na kwetu pwani ukaenea baadaye. Wakoloni waliupenda kwa sababu moja tu: ulikuwa kinga ya njaa. Wakatunga sheria ndogo za kuwalazimisha watu walime kiasi fulani cha muhogo, na asiyelima alipe faini. Baada ya Uhuru nasi tulikuwa na amri na kampeni zetu, ikiwemo ile ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975. Yaani kwa miaka mingi muhogo ulikuwa zao la kuamrishwa. Waliokaa chini kuusoma walikuwa wachache sana, na baadhi yao walikaa mahali panapoitwa Amani.

Kwa wale ambao hawajafika, Amani iko wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, juu katika milima ya Usambara Mashariki. Ukitoka Muheza mjini unaacha minazi na michungwa, barabara inaanza kupinda na kupanda, na ukifika juu unaingia kwenye ubaridi, ukungu na miti mikubwa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo huko mwaka 1902. Walichokuwa wanakitafuta kinajulikana: kahawa, mpira, mkwinini, mazao ya kuuza Ulaya. Walipanda miti kutoka kila pembe ya dunia na mingi bado ipo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na meli za Kijerumani zikazuiwa baharini, Amani ndiyo iliyowatengenezea kwinini na sabuni. Baada ya vita Waingereza walikirithi, wakakiacha kilale kwa miaka kadhaa, halafu mwishoni mwa miaka ya 1920 wakakifufua kiwe kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki yote.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mwaka 1894, kabla hata kituo hakijajengwa, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyeitwa Otto Warburg aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu wa muhogo katika nchi hii yetu. Majani yanakuwa na mabaka ya kijani kibichi na njano, yanajikunja, mmea unadumaa, na chini viazi vinakuwa vidogo kama vidole. Wakulima wetu wanauita batobato. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza kabisa ya kisayansi duniani kuhusu ugonjwa huo, na yalitoka hapa. Baadaye ilijulikana kwamba unasababishwa na virusi, na kwamba vinabebwa na wadudu wadogo sana, inzi weupe, wanaokaa chini ya majani. Na kuna mbebaji mwingine tusiyemfikiria: sisi wenyewe. Muhogo unapandwa kwa pingili za shina, kwa hiyo ukikata pingili kwenye shina lenye ugonjwa na kumpa jirani, umempa na ugonjwa.

Mwaka 1928 aliwasili Amani Mwingereza aliyeitwa Harold Storey, bingwa wa magonjwa ya mimea, ambaye kabla ya hapo alikuwa Afrika Kusini akichunguza ugonjwa wa virusi wa mahindi. Katikati ya miaka ya 1930 yeye na wenzake wakaanza kutafuta muhogo usioshikwa na batobato. Mwenzake mkuu aliitwa Nichols. Walikusanya mihogo ya kila aina, ya hapa na ya nje, wakaipanda katikati ya ugonjwa na kuangalia ipi itasimama. Iliyosimama vizuri haikuwepo. Kulikuwa na iliyougua sana na iliyougua kiasi.

Wakageukia ndugu za muhogo, mimea ya ukoo wake isiyolika. Mmoja wa ndugu hao ulikuwa tayari umejaa nchini: mpira wa Ceara, mti kutoka Brazili ambao walowezi wa Kijerumani waliupanda kwa maelfu ya ekari wakitegemea kutajirika. Mwaka 1913 bei ya mpira duniani ilianguka kwa sababu ya mashamba makubwa ya Asia, na mashamba ya huku yakaachwa yawe pori. Utajiri ule haukuja. Lakini mti ule uliotelekezwa ulikuwa na kitu ambacho hakuna mlowezi aliyekijali: batobato haikuusumbua kama ilivyousumbua muhogo.

Wakaupandanisha na muhogo. Ukisoma haraka unaweza kudhani ni kazi ya wiki moja, kwa hiyo nieleze kidogo. Muhogo una maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Inabidi mtu achukue chavua kwa mkono, apake kwenye ua la kike, alifunike ili mdudu asiharibu mpango, na kusubiri. Tunda moja linatoa mbegu tatu tu, na kila mbegu inaota mmea tofauti na mwenzake, kama watoto wa tumbo moja. Mtoto wa kwanza wa muhogo na mpira alikuwa na afya nzuri lakini chini hakuwa na kitu cha kula, mizizi yake ilikuwa kama kuni. Basi unamchukua mtoto huyo unampandanisha tena na muhogo. Wajukuu unawapanda, unawaacha waumwe na inzi, unang'oa wengi na kubakiza wachache. Wachache hao unawapandanisha tena na muhogo. Halafu tena, mara tatu. Kila mzunguko unakula miaka. Kazi hiyo ilianza kabla ya Vita Kuu ya Pili, ikaendelea wakati wa vita, na baada ya vita bado watu walikuwa wanapaka chavua.

Majina yaliyoko juu ya makala za kisayansi za wakati huo ni Storey, Nichols, na baadaye Jennings. Vibarua na wasaidizi Waafrika waliopanda na kupalilia mashamba yale hawamo kwenye orodha ya waandishi. Sisemi hivyo kuwaondolea sifa wale Waingereza, kazi yao naiheshimu. Nasema ili tunapotaja utafiti wa Amani tukumbuke kwamba Wazungu watatu peke yao wasingeweza kupalilia mashamba ya namna ile.

Katika kazi hiyo Storey alibaini jambo la pili. Mwaka 1936 alieleza ugonjwa mwingine kabisa, uliokuwa mwambao wa Afrika Mashariki, ambao leo tunauita michirizi kahawia. Huu ni ugonjwa mnafiki. Batobato unaiona kwenye majani tangu mbali. Michirizi kahawia inaweza kuacha shamba likaonekana la kijani na la kupendeza, mwenye shamba akalala usingizi akijua ana chakula, siku ya kuchimba anapasua kiazi anakuta ndani kuna uozo mkavu wa rangi ya kahawia. Anapasua kingine, hivyo hivyo. Kwa hiyo Amani ikawa inatafuta muhogo unaostahimili magonjwa mawili kwa pamoja.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu miaka hiyo hiyo, katika nchi hii hii, kulikuwa na mradi mwingine wa kilimo ambao kila aliyesoma historia sekondari anaujua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga: Kongwa, Nachingwea na Urambo. Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, na karanga zetu ndizo zingeutatua. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Wakaleta matrekta, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kilichokosekana ni kuijua ardhi. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, na mvua ya Ugogo haina ratiba. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza zikawa zimeliwa na vumbi.

Zipange hizi mbili pamoja uone. Kongwa ilikuwa na fedha, mitambo na mawaziri. Ilitaka matokeo kwa miaka michache, na chakula chenyewe kilikuwa cha watu wa mbali. Amani ilikuwa na watu wachache na mihogo, ikijaribu mmea mmoja mmoja kwa ajili ya chakula cha watu maskini wa hapa hapa. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Lakini angalia tulivyokumbuka: Kongwa iko kwenye vitabu vya shule. Nilisoma historia mpaka chuo kikuu na muhogo wa Amani sikuwahi kuusikia darasani hata siku moja.

Mwaka 1951 kazi ya kupandanisha muhogo ilishikwa na kijana Derek Jennings. Wakati huo utafiti mkubwa wa kilimo wa Afrika Mashariki ulikuwa unahamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na Amani ikawa inageuzwa kuwa kituo cha utafiti wa malaria. Mwaka 1957 mpango wa muhogo ukafungwa. Jennings akarudi kwao, akawa mzalishaji maarufu wa matunda huko Uskoti. Mihogo iliyopatikana kwa kazi ya miaka 20 ikabaki bila mwenyewe.

Au tuseme ikapata wenyewe wawili wasiojuana.

Njia ya kwanza ilielekea magharibi. Kabla Amani haijafunga mlango, mbegu za mihogo yake zilipelekwa Nigeria, kwenye kituo cha Moor Plantation, Ibadan. Zikapandwa, na mwaka 1958 ukachaguliwa mmea mmoja ulioitwa kwa namba tu, 58308. Haukuwa na mavuno ya kutisha, ila batobato haikuuweza. Mwaka 1967 ikaanzishwa hapo hapo Ibadan taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, na mwaka 1971 akaja Mkorea aliyeitwa Sang Ki Hahn. Huyu bwana aliuchukua 58308 akaupandanisha na mihogo yenye mavuno mazuri, ikiwemo mmoja kutoka Brazili. Katika watoto waliopatikana yumo mmoja aliyepewa namba 30572, ambaye alisambaa Nigeria na kuvuka mipaka. Wanaijeria walimpenda Hahn mpaka wakampa cheo cha uchifu. Mizizi ya kazi yake ilikuwa Muheza.

Sasa twende Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa Luwero, kaskazini ya Kampala, waliona batobato ya aina ambayo hawajapata kuiona. Ilikuwa inatembea. Kila mwaka ilisogea mbele, na shamba ililopita halikufaa tena. Mwaka 1997 wanasayansi walieleza sababu: virusi viwili vya batobato vilikuwa vimebadilishana vipande vya vinasaba vikazaa kirusi kikali kuliko wazazi wake. Eneo la Teso liliumia vibaya. Lilikuwa limetoka kwenye vita na wizi wa mifugo, watu wamepoteza maksai wao wa kulimia, kwa hiyo muhogo ndio uliokuwa umebaki kuwashikilia. Aina waliyoipenda, iliyoitwa Ebwanateraka, ikafutika mashambani. Katika miaka ya 1993 na 1994 viliripotiwa vifo vya njaa.

Kilichookoa hali ni aina mpya zilizotolewa na kituo cha Namulonge, chini ya watafiti wa Uganda wakiongozwa na George William Otim-Nape. Moja ya aina hizo waliiita Nase 3, na wakulima wakaiita Migyera. Ukiifuatilia Migyera ni nani, ni 30572 yule yule wa Ibadan. Yaani chavua iliyopakwa kwa mkono kule Usambara kabla ya Uhuru, ikaenda Nigeria, ikakutana na muhogo wa Brazili, ikarudi Afrika Mashariki miaka zaidi ya 30 baadaye kumlisha mtu wa Teso. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa waliochumia juani hawakuwaona hata kwa sura waliokuja kulia kivulini.

Ningeishia hapa ingekuwa hadithi tamu. Lakini kuna njia ya pili, na kwangu mimi hii ndiyo yenye fundisho.

Nigeria na nchi zote za Afrika Magharibi hazikuwa na michirizi kahawia. Kwa hiyo walipokuwa wanachagua mihogo kule Ibadan, walichagua ya kushinda batobato peke yake. Huwezi kuchagua ukinzani wa ugonjwa ambao hauko shambani kwako. Mwaka 2004 michirizi kahawia ikaonekana Uganda, maeneo ya juu kabisa, wakati vitabu vilikuwa vinasema ugonjwa ule ni wa mwambao tu. Miaka iliyofuata ikaenea pande zote za Ziwa Victoria. Zile aina za ukombozi, zilizokuwa zimeishinda batobato, zikaanza kuoza ndani. Watu waliokuwa wamepumua ndiyo kwanza wakajikuta wanapasua viazi vya kahawia.

Wanasayansi wakaanza kuulizana: kuna muhogo wowote duniani unaouweza ugonjwa huu? Wakaja kutafuta kwetu, mahali ambako ugonjwa umekaa muda mrefu kuliko kwingine. Kati ya mihogo yote iliyopimwa, mmoja uliwashangaza kwa namna ulivyovikatalia virusi visizaliane ndani yake. Ulikuwa mashambani mwa wakulima wa kusini mwa Tanzania, na jina lake ni Namikonga. Pwani ya Kenya kulikuwa na unaofanana nao, wao wakiuita Kaleso. Kwa macho ya mgeni hizi zilikuwa aina za kienyeji, za mababu.

Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba Namikonga na Kaleso ni mmea mmoja. Na mmea huo unalingana na muhogo uliokuwa kwenye daftari la Amani kwa namba 46106/27, kizazi cha tatu cha kumrudisha mtoto wa mpira kwa muhogo. Mwaka 2016 utafiti mkubwa wa vinasaba vya muhogo uliochapishwa katika jarida la Nature Biotechnology ulionyesha vipande vya ule mpira wa Ceara vikiwa bado vimo ndani ya mihogo ya Afrika, vimekaa kimya miaka yote hiyo.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilitulia kwenye kiti kwa muda. Fikiria maana yake. Serikali ya kikoloni ilifunga mpango. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyokuwa inasimamia Muguga, ilivunjika mwaka 1977. Shirika letu la utafiti wa kilimo, TARO, lilianzishwa mwaka 1980 na kuvunjwa mwaka 1989. Ofisi zilihama, majina yalibadilika, mafaili yalihamia kwenye makabati mengine. Muda wote huo kuna mkulima kusini, na mwingine Pwani ya Kenya, ambaye kila msimu alikata pingili za muhogo ule akazipanda tena, akampa na shemeji yake, kwa sababu ulikuwa hauozi. Namba 46106/27 hakuijua, na hakuna aliyemlipa. Bila yeye, kazi ya miaka 20 ya Amani dhidi ya michirizi kahawia ingebaki kuwa karatasi.

Ndiyo maana neno hili linalopendwa kwenye semina, "mkulima ni mshiriki wa utafiti", huwa nalisikia kwa masikio tofauti siku hizi. Kwenye makongamano linasemwa kama fadhila, kama vile tunamkaribisha mkulima mezani. Kwa muhogo wa Amani mkulima ndiye aliyekuwa ameitunza meza nyumbani kwake tangu siku ambayo taasisi zilifunga. Na katika sehemu nyingi za nchi hii, anayechagua pingili za kupanda na anayejua upi mchungu na upi mtamu ni mwanamke. Ukiwaacha wakulima hao nje ya hesabu, umeacha nje benki yako ya mbegu.

Jennings naye hakusahau. Mwaka 2003, karibu nusu karne tangu aondoke Amani, alishirikiana na Rory Hillocks kuchapisha makala ya kuchambua yote yaliyokuwa yanajulikana kuhusu michirizi kahawia. Mwaka mmoja baadaye ugonjwa ukazuka Uganda. Mzee yule alikuwa ameandika kumbukumbu zake kwa wakati.

Tangu hapo kazi imeendelea, na safari hii majina yaliyo mbele ni ya kwetu. Joseph Ndunguru na wenzake wa Mikocheni walivichunguza virusi vya muhogo. Geoffrey Mkamilo, akiwa Naliendele, Mtwara, aliongoza utafiti wa mazao ya mizizi kwa miaka mingi. Esther Masumba na wenzake waliupandanisha Namikonga na muhogo mwingine wa wakulima wetu, Albert, na mwaka 2017 wakachapisha ni sehemu zipi za vinasaba zinazobeba ukinzani. Zanzibar walitoa aina zao mwaka 2007, Kizimbani na Mahonda zikiwemo. Kuanzia mwaka 2012 Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi na Msumbiji zilibadilishana mihogo yao bora, ikiwa imesafishwa virusi maabara, ili kila nchi ijaribu ya mwenzake. Leo utafiti wa kilimo Tanzania Bara uko chini ya TARI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Sasa swali la fedha, maana sisi waandishi bila fedha hatujaandika. Miradi mingi ya muhogo ya karne hii imelipiwa na wafadhili wa nje. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kwamba asilimia 10 ya bajeti zao itaenda kwenye kilimo, na nchi nyingi hazikufika huko. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa mmoja wa wafadhili wakubwa wa utafiti wa kilimo Afrika, na kazi kadhaa za utafiti katika nchi mbalimbali zikasimama katikati. Mradi wa barabara ukisimama katikati, mwakani unaweza kurudi na greda. Shamba la majaribio ya muhogo likikosa wa kulipalilia na kukata pingili, mwakani hakuna cha kurudia. Mmea uliochukua miaka 15 kupatikana unakufa kwa msimu mmoja wa kusahauliwa.

Safari ile tulibahatika. Amani ilipofungwa, Nigeria ilikuwa imeshachukua mbegu, na wakulima wa pwani walikuwa wameshachukua pingili. Zote mbili zilikuwa bahati, hakuna aliyezipanga. Sidhani kama taifa lenye watu zaidi ya milioni 60 linapaswa kula kwa kutegemea bahati ya tatu.

Kwa hiyo ninalo ombi moja dogo kwenu wenzangu wa mjini, nyinyi mnaofuatilia bajeti inaposomwa Dodoma kila Juni. Tukishamaliza kubishana juu ya kodi za simu na bei ya mafuta ya magari, tuulize na hili: vituo vya utafiti vimepewa shilingi ngapi kutoka hazina yetu wenyewe, na zimefika lini? Kituo kikipewa fungu mwezi Mei wakati mvua ilianza Machi, hakijapewa kitu. Tuulize pia nani anatunza aina za zamani zilizoko kwa wakulima wa Newala, Muheza na Unguja kabla hazijapotea na wazee wanaozijua.

Nami nimejiwekea kazi. Nataka kuzitafuta familia za watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya muhogo ya Amani kabla ya mwaka 1957, wale ambao majina yao hayakuandikwa. Wengi watakuwa wameshatangulia mbele ya haki, lakini watoto wao wapo. Kama una babu au bibi wa Muheza aliyewahi kusimulia habari za Wazungu waliokuwa wanafunika maua ya muhogo, muulize zaidi wakati bado yupo, na andika anachosema. Mimi naanza mwezi ujao.